Ufipa katika Kipindi cha Maswali Bungeni

Kipindi cha maswali ndicho kinachofungua siku ya Bunge la Tanzania. Dua ikishasomwa na hati kuwasilishwa mezani, Spika humwita mbunge wa kwanza, naye husimama na kuomba swali lake, linalotajwa kwa namba, lipatiwe majibu. Waziri au naibu wake hujibu kwa karatasi aliyokuja nayo. Kisha huja maswali ya nyongeza, ambayo waziri hakuyaona kabla. Kwa utaratibu huohuo, barabara ya kata kama Msanzi, wilayani Kalambo, huweza kuulizwa asubuhi moja na mgogoro wa mpaka katika Ziwa Nyasa. Msingi wake ni ibara ya 63 ya Katiba ya 1977, inayolipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na kumpa mbunge haki ya kumwuliza waziri yeyote jambo la umma lililo katika wajibu wake.

Haki hiyo ilichukua muda mrefu kufika nyanda za juu za Ufipa, kusini-magharibi mwa nchi, ambako Msanzi iko. Kabla ya ukoloni kulikuwa na milki mbili huko, Nkansi na Lyangalile, kila moja na mwene wake, yaani mtawala. Waingereza waliposhika Tanganyika waliwaacha wamwene mahali pao, lakini wakawageuza mawakala wa serikali: walikusanya kodi, walisikiliza mashauri, na hesabu ya kazi yao waliitoa kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya. Mkulima wa Ufipa aliweza kulalamika. Kuuliza, kwa maana ya kumlazimisha mwenye mamlaka atoe jibu mbele ya watu, halikuwa jambo lililokuwapo.

Baraza la Kutunga Sheria, lililojulikana kwa kifupi kama LEGCO, lilianza Dar es Salaam mwaka 1926 wakati wa Gavana Donald Cameron. Gavana mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti, hivyo mkuu wa serikali iliyoulizwa ndiye aliyeamua nani aulize. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1953, alipoteuliwa Spika wa kwanza. Wajumbe wasio watumishi wa serikali walikuwa Wazungu na Waasia. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945 kwa uteuzi: Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Uchaguzi wa kwanza, wa 1958 na 1959, ulikuwa wa kura tatu, kila mpiga kura akitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ni wenye kipato au elimu ya kiwango kilichowekwa tu walioruhusiwa kupiga kura. Ufipa wakati huo ilihesabiwa katika Jimbo la Magharibi, lenye makao yake Tabora, mwendo wa siku kadhaa kwa barabara za zama zile.

Baada ya Uhuru mambo mawili yalibadili sura ya kipindi cha maswali, na yalivuta pande tofauti.

La kwanza ni lugha. Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na katika miaka hiyo Bunge nalo likaacha Kiingereza. Matokeo yake hayajasifiwa inavyostahili. Mbunge ambaye hakupita sekondari aliweza kumkabili waziri mwenye shahada bila kutafuta maneno, na mwenye redio Sumbawanga aliweza kujua kama mbunge wake alisema kitu au alikaa kimya. Nchi nyingi za Afrika mpaka leo humwuliza waziri kwa lugha ambayo mwenye shida haielewi.

La pili ni chama kimoja. Tangu mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU, chama hicho kimoja, walishindana katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na wananchi waliwaangusha hata mawaziri. Lakini mashindano yale yalihusu nani awakilishe jimbo. Sera ya nchi haikuwa sehemu yake. Mwaka 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwavua uanachama wabunge saba, na kwa hiyo wakapoteza ubunge. Baada ya hapo mbunge mwenye busara aliuliza mambo ya nyumbani: zahanati, duka la ushirika, pembejeo zilizochelewa, mahindi ambayo hayakununuliwa. Mambo ya nje yaliamuliwa na Rais na vikao vya chama. Rais Nyerere alipovunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia, koloni ambalo walowezi wake walijitangazia uhuru, alilihutubia Bunge kueleza sababu, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Gharama ya uamuzi ule iliangukia bajeti za maendeleo, lakini swali la kama gharama hiyo inabebeka halikuwa la mbunge wa nyuma kuuliza.

Cheo cha Waziri Mkuu nacho kilikuwa kimeondoka nchi ilipokuwa Jamhuri Desemba 1962. Kwa karibu miaka kumi shughuli za Serikali Bungeni ziliongozwa na Makamu wa Rais, Rashidi Kawawa, hadi cheo hicho kiliporudishwa mwaka 1972, naye Kawawa akakishika. Miaka miwili baadaye ukaundwa Mkoa wa Rukwa, kwa kuimega Sumbawanga kutoka Mbeya na Mpanda kutoka Tabora. Kuanzia hapo jibu la waziri kuhusu Ufipa liliandaliwa kwa kuuliza ofisi ya mkoa iliyoko Sumbawanga kwenyewe.

Njia ya jibu hilo inafaa kuelezwa, maana ndiyo inayoonyesha nguvu na udhaifu wa kipindi kizima. Mbunge huandika swali na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Likikubaliwa kwamba halikuegemea uvumi, halimo mahakamani na si maoni yaliyovikwa alama ya kuuliza, hupelekwa wizarani. Wizara huuliza mkoa, mkoa huuliza halmashauri, na afisa wa wilaya huandika maelezo yanayopanda tena ngazi zilezile. Kwa hiyo jibu lisomwalo Bungeni Dodoma kuhusu kata ya Kalambo mara nyingi limeandikwa Kalambo, na watu walewale ambao mbunge anawalalamikia. Lugha yake inajulikana nchi nzima: Serikali inatambua changamoto hiyo, upembuzi yakinifu unaendelea, kazi itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Swali la nyongeza ndilo linalompima waziri, kwa sababu hapo karatasi imekwisha.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, jambo la kwanza kubwa kulitikisa Bunge lilikuwa la nchi za nje. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Wabunge wakadai kujua iwapo sehemu moja ya Muungano inaweza kuwa na uhusiano wake na mataifa. Zanzibar ilijitoa Agosti 1993, lakini swali lilikuwa limeshazaa jingine: kundi la wabunge lililokuja kuitwa G55 lilipeleka hoja ya kuundwa serikali ya Tanganyika. Nyerere, aliyekuwa amestaafu, aliipinga kwa kalamu na kwa mdomo, na mwishoni mwa 1994 John Malecela hakuwa tena Waziri Mkuu. Sera ya nje ilikuwa imegeuka kuwa swali kubwa kuliko yote ya ndani, yaani Muungano wenyewe.

Ufipa ilitoa katika kipindi hiki mmoja wa waulizaji wanaokumbukwa zaidi. Chrisant Mzindakaya, mbunge wa Kwela hadi alipostaafu mwaka 2010, alipewa jina la mzee wa mabomu, kwa sababu alisimama akiwa na nyaraka mkononi. Alikuwa mwanachama wa tangu zamani wa chama tawala, CCM, na ndiyo maana mabomu yake yaliuma: hayakuweza kutupwa kama kelele za upinzani. Bomu linalosimuliwa zaidi ni la vibali vya kuingiza sukari kutoka nje, lililoishia kwa kujiuzulu kwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Iddi Simba, mwaka 2001. Mzindakaya alifariki dunia mwaka 2021.

Mageuzi makubwa ya utaratibu yalikuja chini ya Spika Samuel Sitta. Kanuni za Kudumu za mwaka 2007 zilianzisha maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa kila Alhamisi wakati Bunge linapokaa, bila yeye kuletewa maswali mapema. Mfano ulitoka Westminster, lakini kwa Tanzania ulikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu Rais, mwenye madaraka yote ya utendaji, haulizwi Bungeni kabisa. Waziri Mkuu akawa ndiye anayejibia kila kitu, pamoja na yale yasiyo mikononi mwake. Kanuni zilianza kutumika mwanzoni mwa 2008. Tarehe 7 Februari, siku ya Alhamisi, Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza Bungeni kujiuzulu kwa sababu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Nafasi yake ilichukuliwa na Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda Mashariki, mkoani Rukwa wakati huo, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima.

Pinda alijibu maswali ya Alhamisi kwa zaidi ya miaka saba, na majibu yake matatu yanatosha kuonyesha nusu saa ile inavyoweza kuzaa mambo. Julai 2008 aliulizwa kuhusu hadhi ya Zanzibar, akajibu kwamba si nchi. Kisheria alikuwa akirudia msimamo wa Katiba ya Muungano. Kisiasa lilikuwa kaa la moto, na mwaka 2010 Zanzibar ilibadili katiba yake na kuandika kwamba ni nchi. Januari 2009 alitakiwa kueleza kauli aliyoitoa ziarani, iliyosikika kama ruhusa ya wananchi kuwaua wauaji wa watu wenye ualbino. Alieleza mauaji aliyoyasikia, akalia mbele ya Bunge. Juni 2013, siku za ghasia za gesi ya Mtwara, aliulizwa kuhusu vyombo vya dola kupiga raia, akajibu kwamba wanaokaidi wapigwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika walimshitaki, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo. Waziri anayesoma jibu la maandishi hawezi kuteleza hivyo. Wala hawezi kujulikana anavyofikiri.

Kwa watu wa Rukwa, kuwa na Waziri Mkuu kutoka kwao hakukupunguza maswali. Yaliyotawala yalikuwa barabara na mahindi, na yote mawili yalikuwa na mkono wa nje. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilometa 223 hivi, iliwekwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008. Machi 2016 shirika hilo lilisitisha awamu ya pili ya msaada kwa nchi nzima, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Mbunge aliyeuliza barabara alikuwa pia anauliza, atake asitake, juu ya uhusiano na Washington. Barabara ya Sumbawanga, Matai hadi bandari ya Kasanga, kilometa 112, haikuwa katika mkataba ule. Ujenzi wake ulivuka awamu ya Rais Kikwete ukaingia ya Rais Magufuli, huku maswali yakirudi kikao baada ya kikao. Lami hiyo inaelekea kwenye Ziwa Tanganyika, linalopakana na Kongo na Zambia, na faida yake inategemea mizigo ya ng'ambo.

Mahindi ni hivyohivyo. Mkulima wa Ufipa anapovuna ziada, soko lake ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula au mnunuzi wa nje. Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje, kama mwaka 2011 na tena mwaka 2017, sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula wa taifa, na aliyebaki na magunia ghalani ni mkulima wa mikoa yenye ziada. Hapa jibu la kawaida la Serikali ni dhaifu kuliko mahali pengine popote: kuzuia uuzaji ni rahisi kutangaza, kununua chote kilichozuiliwa kunahitaji fedha.

Suala jingine la Rukwa lilikuwa la wakimbizi. Makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, yalikuwa ndani ya Rukwa kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Serikali ilipokubali mwaka 2010 kuwapa uraia watu wapatao 162,000, maswali yaliyofuata, juu ya mahali watakapoishi na huduma watakazopata, hayakuwa tena ya uhusiano na nchi za nje. Yalikuwa ya madarasa na visima.

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, kwa hoja ya gharama. Uamuzi huo uliupunguzia utaratibu huu sehemu ya nguvu zake, kwa kuwa jibu lisilosikika jimboni halimgharimu waziri chochote.

Jimbo la Kalambo, ambamo Msanzi imo, limekaa pande zote mbili za ukumbi. Ludovick Mwananzila, aliyeliwakilisha hadi 2010, alikuwa Naibu Waziri wa Elimu. Aliyemfuata, Josephat Kandege, aliuliza maswali ya jimbo kwa miaka saba kabla ya kuteuliwa Oktoba 2017 kuwa Naibu Waziri wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, wizara inayojibu maswali mengi ya vijijini kuliko nyingine yoyote. Naibu waziri haulizi maswali Bungeni. Hivyo kwa miaka mitatu Kalambo ilikuwa na mtu wa kuwajibu wabunge wa nchi nzima, na haikuwa na mtu wake wa kuuliza. Baada ya uchaguzi wa 2020 Kandege alirudi Bungeni bila uwaziri, na Kalambo ikaanza kuuliza tena.