Kompyuta inapomshauri daktari kuhusu antibayotiki: tuulize nini?

Katika wodi za hospitali, daktari hulazimika kuamua kwa dakika chache jambo ambalo maabara huhitaji siku mbili au tatu kulijibu: mgonjwa huyu ana bakteria gani, na ni antibayotiki gani itakayowaua? Mgonjwa mwenye homa kali na pumzi za shida hawezi kungojeshwa hadi majibu yatoke. Basi daktari hukisia. Hukisia kwa elimu na uzoefu, lakini ni kukisia. Akichagua dawa isiyofua dafu mbele ya bakteria hao, mgonjwa huzidiwa huku jamaa zake wakidhani anatibiwa. Akichagua dawa kali kupita haja, au akimpa antibayotiki mtu mwenye ugonjwa wa virusi, bakteria wanaobaki mwilini hupata nafasi ya kuizoea, na kesho dawa hiyo haitamfaa mwingine.

Hasara yake imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi, ndiyo iliyoumia zaidi.

Kwa muda mrefu wataalamu wamejaribu kumpa daktari msaidizi wa kompyuta katika uamuzi huu. Nimeona nilieleze jambo hili hapa kwa sababu hospitali nyingi nchini zinaacha faili za karatasi na kuingia kwenye kompyuta, na tangu 2023 Kenya ina Sheria ya Afya ya Kidijitali. Ikija siku tukaambiwa hospitali yetu imepata mfumo wa kisasa, yafaa tujue la kuuliza.

Kazi yake hasa

Programu ya aina hii haimtibu mtu. Husoma yale yaliyoandikwa kuhusu mgonjwa: umri, uzani, hali ya figo, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, joto la mwili na majibu ya maabara. Kisha huyalinganisha na kanuni za matibabu pamoja na rekodi ya bakteria waliopatikana katika hospitali hiyo hiyo. Mwishowe humpendekezea daktari dawa, kipimo chake na ipewe kila baada ya saa ngapi. Daktari hukubali au hukataa.

Chukua mfano wa gentamisini, dawa ya sindano inayotumika sana katika hospitali zetu. Hutolewa mwilini na figo. Kipimo kinachomfaa kijana mwenye figo nzima chaweza kumrundikia mzee mwenye figo dhaifu hadi kumharibu figo zaidi, hata masikio. Hesabu ya kurekebisha kipimo inajulikana, lakini daktari mwenye wodi iliyojaa usiku wa manane aweza kuisahau. Kompyuta haichoki, mradi imeandikiwa uzani na majibu ya damu.

Ilikoanzia

Katika miaka ya 1970, Edward Shortliffe na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza programu iliyoitwa MYCIN. Ilikuwa na mamia ya kanuni za namna ya "ikiwa hivi, basi vile" kuhusu maambukizi ya damu na ya utando wa ubongo. Mwaka 1979 wataalamu wasioambiwa pendekezo gani limetoka kwa nani walilinganisha ushauri wake na wa madaktari, na MYCIN haikushindwa na walimu wa Stanford wenyewe. Hata hivyo haikuwahi kutumika wodini. Daktari alipaswa kukaa na kujibu maswali yake moja baada ya jingine, na mwenye wagonjwa foleni hana muda huo.

Hospitali ya LDS, mjini Salt Lake City, ilipita njia nyingine. Kwa miaka mingi ilikuwa imeweka rekodi zake zote katika mfumo mmoja ulioitwa HELP: maabara, famasia, eksirei, upasuaji. Kwa hivyo programu ya antibayotiki ilipowekwa katika wodi ya mahututi yenye vitanda 12, ilipata habari nyingi zikiwa tayari zimo ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Wagonjwa 545 wa mwaka mmoja walilinganishwa na 1,136 wa miaka miwili iliyotangulia. Dawa zilizoagizwa ilhali bakteria wa mgonjwa hawazisikii zilipungua kutoka 206 hadi 12, yaani kutoka kama 18 kwa kila wagonjwa 100 hadi kama 2. Dawa zilizoagizwa ilhali mgonjwa ameshasema zinamdhuru zilishuka kutoka 146 hadi 35, na vipimo vilivyozidi kutoka 405 hadi 87.

Katika ripoti hiyo hiyo, wagonjwa 203 waliopewa dawa kama programu ilivyopendekeza walikaa hospitalini wastani wa siku 10, na wale 195 ambao daktari aliupita ushauri huo walikaa siku 16.7. Nawatahadharisha wasomaji hapa. Huenda daktari aliupita ushauri kwa sababu mgonjwa alikuwa mahututi zaidi, kwa hivyo pengo lote haliwezi kuwekwa kwenye hesabu ya kompyuta. Wauzaji wa mifumo hupenda takwimu za namna hii, nasi tusizimeze nzima nzima.

Kwa jirani zetu

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Tanzania, ingawa ni wa zahanati na vituo vya afya vinavyotibu watoto bila kuwalaza. Mjini Dar es Salaam, programu ya ePOCT iliwekwa kwenye tableti na kumwongoza mhudumu hatua kwa hatua: hesabu pumzi za mtoto, pima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, pima damu kuona dalili za maambukizi makali. Matokeo yalitoka 2017. Watoto wenye homa waliopewa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5. Mwongozo mwingine wa kielektroniki, usiokuwa na vipimo vile vya ziada, ulitoa asilimia 29.7, na katika huduma za kawaida ilikuwa asilimia 94.9. Watoto ambao hali yao haikuwa nzuri kufikia siku ya saba walikuwa asilimia 2.3 kwa ePOCT na 4.1 kwa ule mwongozo mwingine. Dawa zilipungua na watoto hawakuumia.

Toleo lililofuata lilijaribiwa katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Ripoti yake ya 2024 inaonyesha antibayotiki zilitolewa kwa asilimia 23.2 ya watoto, dhidi ya asilimia 70.1 katika vituo visivyokuwa na programu hiyo. Mambo yaliambatana: programu, vifaa vya kupimia, na mafunzo kwa wahudumu. Tableti peke yake isingeyafanya hayo.

Maabara kwanza

Wazee wa biashara wa Pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo ndivyo ilivyo kwa antibayotiki. Ushauri wa kompyuta hutegemea daftari la bakteria wa mahali, na daftari hilo huandikwa na maabara inayoweza kuotesha bakteria kutoka kwa damu, mkojo au usaha, kisha kuwajaribu kwa dawa moja moja.

Kilifi inatuonyesha faida yake. Watafiti wa KEMRI, walioanza kazi huko 1989, waliotesha damu za watoto waliolazwa katika hospitali ya Kilifi kati ya 1998 na 2002. Walikuta kwamba asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini viliandamana na bakteria ndani ya damu. Bila kuotesha damu ya kila mtoto, wengi wao wangeandikwa malaria au homa tu. Programu iliyojazwa rekodi za Salt Lake City haiwezi kujua bakteria wa Kilifi, Lamu au Likoni. Ikipewa daftari tupu, itakisia kama anavyokisia daktari, ila kwa sauti ya kujiamini zaidi.

Mifumo hii ina kasoro nyingine pia. Ikitoa maonyo mengi yasiyo na uzito, madaktari huzoea kuyafunga bila kuyasoma, na onyo la kweli hupita pamoja nayo. Kanuni zisizosasishwa hushauri dawa iliyokwisha kushindwa. Stima ikipotea na hakuna njia mbadala, wodi hubaki gizani kwa maana zote mbili.

La kuuliza na la kufanya

Huduma za hospitali ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti zinapaswa kusikiliza wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Katika vikao hivyo ningependa yaulizwe haya. Je, maabara ya hospitali yetu inaotesha bakteria kila siku, na ina vifaa vya kutosha? Majibu yanafika wodini kwa kompyuta au kwa karatasi inayozunguka? Nani atasasisha kanuni kila mwaka, na mkataba unasemaje kuhusu hilo? Dawa itakayopendekezwa imo famasia, au jamaa atatumwa duka la nje? Rekodi za wagonjwa zinalindwaje? Na je, daktari ana ruhusa ya kukataa ushauri na kuandika sababu? Jibu la hili la mwisho lazima liwe ndiyo, kwa sababu anayewajibika kwa mgonjwa ni yeye.

Nasi nyumbani tuna sehemu yetu. Ukimpeleka mgonjwa, taja dawa iliyowahi kumdhuru, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Taja vidonge vyote alivyomeza kabla ya kuja, pamoja na zile rangi mbili zilizonunuliwa dukani bila cheti, kwa sababu zaweza kuwaficha bakteria maabara isiwaone. Mama mjamzito aseme hali yake, na mwenye ugonjwa wa figo vilevile. Uliza kwa adabu kama damu imechukuliwa ya kupimwa kabla ya sindano ya kwanza, lakini usiizuie sindano ikiwa mgonjwa ni mahututi. Na majibu ya maabara yakitoka siku ya tatu, muulize daktari: dawa ibaki ile ile, ibadilishwe, au isimamishwe?