Pwani Iliyokimbiwa Kiangazi

Anayefika Nice mwezi Julai hupigania nafasi ya kutandika taulo juu ya kokoto za ufukweni. Miaka 150 iliyopita angekuta hoteli kubwa zimefungwa. Wenye uwezo waliihama pwani hii ya kusini mwa Ufaransa mara jua lilipoanza kuwa kali, wakarejea Oktoba. Msimu wa wageni ulikuwa wa baridi.

Sababu inaonekana kwa macho. Milima ya Alpi inashuka hadi karibu na maji na kuzikinga pepo za kaskazini, nayo bahari hutoa polepole joto ililolihifadhi kiangazi. Mistral, ule upepo mkali unaoitesa Marseille, ukifika Nice unakuwa umeishiwa nguvu. Menton, mpakani na Italia, imekingwa zaidi, hata malimau hustawi huko.

Tobias Smollett, daktari na mwandishi kutoka Scotland, alikaa Nice kuanzia 1763 hadi 1765 akiuguza mapafu. Alirekodi hali ya hewa kwa bidii na kuoga baharini, jambo lililowashangaza wenyeji. Kitabu alichokitoa 1766 kimejaa manung'uniko, hasa dhidi ya wenye nyumba za wageni, lakini hali ya hewa ya Nice aliisifu. Waingereza wakaanza kumiminika. Katika miaka ya 1820, baada ya baridi kali kuua michungwa na kuwaacha watu bila kazi, walichanga fedha ili maskini walipwe kwa kutengeneza njia ya miguu kando ya bahari. Ndiyo Promenade des Anglais ya leo.

Cannes ilipata umaarufu kwa bahati ya kipindupindu. Mwaka 1834 Lord Brougham, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa sheria wa Uingereza, alikuwa njiani kwenda Italia na binti yake mgonjwa. Karantini ikawazuia kwenye mto Var, kwa kuwa Nice bado ilikuwa chini ya wafalme wa Sardinia; Ufaransa iliipata 1860. Akarudi nyuma hadi Cannes, kijiji cha wavuvi, akajenga jumba na kuendelea kuja hadi alipofia hapo 1868.

Reli ilifika Nice 1864, ikaleta matajiri na wagonjwa wa kifua kikuu kwa pamoja. Daktari James Henry Bennet alikwenda Menton 1859 akitarajia kufa. Alipopata nafuu akaandika kitabu, na wagonjwa wa Ulaya wakamfuata. Wengi hawakupona: mrithi wa kiti cha enzi cha Urusi, Nicholas, alifia Nice 1865 akiwa na miaka 21. Makaburi ya Menton yamejaa wageni, akiwemo William Webb Ellis, yule anayesemekana kuanzisha raga.

Hata mandhari ni ya wageni. Miamba myekundu ya Estérel, iliyotokana na volkano, ni ya pale pale, na misonobari pia. Lakini mitende mingi ya kwenye postikadi ina asili ya Visiwa vya Kanari, mimosa na mikaratusi ilitoka Australia, na ile mimea yenye miiba, jamaa ya mkonge wetu, ilitoka Mexico. Mtaalamu wa mimea Gustave Thuret alianzisha bustani yake Antibes 1857 ili kujaribu miti ya nchi za mbali.

Kisha kalenda ikapinduliwa. Kiangazi cha 1923, Wamarekani Gerald na Sara Murphy waliiomba Hôtel du Cap ya Antibes isifunge milango kama ilivyozoea. Rafiki zao wasanii wakaja. Ngozi iliyochomwa na jua, hapo kabla alama ya kibarua wa shamba, ikawa fahari ya matajiri. Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo na nauli ya treni iliyopunguzwa, na familia ambazo hazijawahi kuiona bahari zikapanga foleni stesheni.

UNESCO iliiorodhesha Nice 2021 kama mji wa mapumziko ya majira ya baridi. Mimi ningekwenda Februari: mimosa imechanua kwenye vilima vya Tanneron, Menton ina tamasha la malimau, na nafasi ya kukaa ufukweni haigombewi.