Jambori Kabla ya Jambori

Historia ya jambori za skauti duniani huandikwa kwa majina ya mahali na hesabu za watu. London mwaka 1920, skauti wapatao 8,000. Arrowe Park, karibu na Liverpool, mwaka 1929, wapatao 50,000. Saemangeum, Korea Kusini, mwaka 2023, zaidi ya 40,000. Msomaji huonyeshwa bendera, magwaride na wakubwa waliokuja kufungua kambi, kisha huhamishiwa kambi nyingine miaka kadhaa baadaye. Kijana mwenyewe haonekani. Kwa kanuni za siku hizi, anayeshiriki jambori ya dunia awe na umri wa miaka 14 hadi 17, na kwa kuwa jambori huja mara moja katika miaka minne, wengi hupata nafasi moja tu maishani. Nafasi hiyo hudumu siku 12 hivi. Nyuma yake kuna mwaka mzima, mara nyingi miwili, wa kuchujwa, kuchangisha fedha, kulala porini mwisho wa wiki, kupika chakula kinacholika na kuzoeana na wenzako ambao hukuwachagua. Hoja yangu ni kwamba kipindi hicho cha kabla ndicho kiini cha desturi hii. Ukianza kuhesabu siku bendera inapopandishwa, umeshachelewa.

Tuanzie mwanzo kabisa. Mnamo Agosti 1907 Robert Baden-Powell, jenerali wa Uingereza aliyejipatia jina kule Mafeking wakati wa vita vya Makaburu, aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, ndani ya bandari ya Poole. Karibu nusu yao walitoka katika shule za watoto wa wenye nacho, Eton na Harrow zikiwamo. Waliobaki walikuwa watoto wa wafanyakazi kutoka vikosi vya chama cha vijana cha Boys' Brigade huko Poole na Bournemouth. Katika Uingereza ya wakati ule, makundi hayo mawili yasingeketi meza moja. Baden-Powell aliwachanganya, akawagawa katika doria nne, kila moja ikiwa na vijana watano au sita na kiongozi wake akiwa kijana mwenzao. Usiku doria moja ilitumwa kwenda kulala peke yake, ikiwa na posho ya unga na nyama mbichi, ijipikie. Kambi yenyewe haikuwa uvumbuzi wake, maana Boys' Brigade ilikuwa ikiwapeleka vijana kambini tangu 1886, na majeshi yalipiga mahema tangu enzi na enzi. Jambo jipya lilikuwa doria: kikundi kidogo kiasi kwamba hakuna anayeweza kujificha humo. Katika gwaride la watu mia, mvivu hupita salama. Katika kundi la watu sita, asipokwenda kuteka maji, watu sita watalala na kiu, naye akiwa mmoja wao. Urafiki wa kiskauti umetokana na hesabu hiyo, na unahitaji muda, kwa sababu mtu hajulikani tabia kwa usiku mmoja.

Jambori ya kwanza ya dunia, iliyofunguliwa London mwishoni mwa Julai 1920, ni kama ilisahau somo hilo. Ilifanyika ndani ya Olympia, ukumbi mkubwa wa maonyesho wenye paa la kioo, na udongo ukamwagwa sakafuni ili mahema yaweze kusimikwa. Watazamaji walikuja kuangalia vijana kutoka nchi zaidi ya 30 wakionyesha michezo, ufundi na hata wanyama wa makwao. Kwa maneno mengine, yalikuwa maonyesho, na kijana alikuwa msanii jukwaani. Lakini maonyesho nayo hayaji bila mazoezi, na maelfu kati yao walikuwa wakilala Old Deer Park, Richmond, kandokando ya mto Thames, ambako usiku mmoja maji yaliingia kambini wakalazimika kuhamishwa. Ukumbini mtu angeweza kuwatazama kama kundi la waigizaji, ila kwenye maji yale aliyefaa ni yule aliyezoea kukunja hema gizani pamoja na wenzake. Miaka minne baadaye, Ermelunden nchini Denmark, waandaaji waliachana na ukumbi, wakakusanya vijana wasiofika 5,000 kwenye mahema, na wakawashindanisha kwa maarifa na nidhamu ya kambi. Marekani ilishika nafasi ya kwanza. Utaratibu wa kutafuta bingwa wa dunia haukuendelea katika jambori zilizofuata, na nadhani ilikuwa busara. Hata hivyo, mashindano yale yanatuonyesha waandaaji walikuwa wakipima nini: walipima yaliyofanyika nyumbani kabla ya meli kung'oa nanga.

Ushahidi mzito zaidi ulitolewa na vita, na natamani usingekuwapo. Jambori ya tano ilifanyika Vogelenzang, Uholanzi, mwaka 1937, Baden-Powell akiwa na umri wa miaka 80, na aliitumia kuagana na vijana. Baada ya hapo hapakuwa na jambori ya dunia kwa miaka kumi. Ujerumani ya Hitler ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku uskauti, na kila ilikoteka nchi iliubana au kuufuta. Kama jambori ndiyo ingekuwa roho ya harakati hii, roho hiyo ingekatika. Poland inaonyesha vingine. Mwaka 1939 skauti wa huko waliingia mafichoni kwa jina la Szare Szeregi, yaani Safu za Kijivu, na mtandao wao wa siri uliwezekana kwa kuwa walikwisha kuzoea kuishi katika vikundi vidogo vinavyoaminiana. Jiji la Warsaw lilipoasi mnamo Agosti 1944, skauti wadogo ndio walioendesha posta, wakipitisha barua kati ya mitaa iliyozingirwa, na baadhi yao waliuawa kazini. Mtoto hapaswi kutumwa kwenye risasi, na anayesimulia habari hizi kama sifa tupu anapotosha. Ninachokitoa hapo ni kimoja tu: uaminifu ule haukupatikana katika kambi yoyote ya kimataifa. Vijana wa aina hiyo, waliovuka vita wakiwa na kundi na bila jambori, ndio waliowezesha watu kukutana tena Moisson, Ufaransa, mwaka 1947, katika kile kilichoitwa Jambori ya Amani.

Kuna pia waliojiandaa na wasifike. Tarehe 28 Julai 1963, ndege iliyowabeba wajumbe 24 wa msafara wa Ufilipino kwenda jambori ya Marathon, Ugiriki, ilianguka baharini karibu na Bombay, na hakuna aliyepona. Hawakupanda jukwaa lolote la Marathon. Lakini ukifika Quezon City leo utakuta mtaa baada ya mtaa umepewa jina la mmoja wao, kila jina likitanguliwa na neno Scout. Taifa lile liliwakumbuka kwa namna walivyojulikana nyumbani, maana hapakuwa na kingine cha kukumbukwa. Miaka 16 baadaye pigo lilikuwa la aina nyingine. Jambori ya 1979 ilipangwa kufanyika Neyshabur, Iran, mapinduzi yakaiondoa. Badala yake ulitangazwa mwaka wa jambori, na nchi kadhaa zikafanya kambi zao za kimataifa. Jambori ya dunia iliyofuata ilikuwa Kanada, mwaka 1983, na aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule wa mapinduzi sasa alikuwa mtu mzima. Je, maandalizi yake yalipotea bure? Anayesema ndiyo anakubali kwamba thamani ya yote ilikuwa katika siku 12 ambazo hazikuwapo. Mimi naona alibaki na karibu kila alichokuwa amekipata, isipokuwa tiketi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la haki. Jambori iliundwa ili kijana akutane na mgeni. Pale Olympia, miaka miwili tangu vita kuu kwisha, Baden-Powell alizungumzia udugu wa mataifa, si udugu wa watu wa kijiji kimoja. Kama urafiki wa nyumbani unatosha, kwa nini kuvuka bahari? Sisemi unatosha. Nasema ndio mlango. Kijana haingii jamborini akiwa mmoja kati ya 40,000. Kwa mpango wa kawaida wa siku hizi huingia akiwa ndani ya kundi la vijana 36 na viongozi wanne, nalo limegawanywa katika doria nne za watu tisa. Kundi hilo ndilo linalopakana na kundi la Wabrazili upande huu na Wajapani upande ule, linalowaalika jirani kula, na linalotambua mapema kwamba mmoja wao amekaa hemani siku nzima kwa unyonge. Kijana asiye na wa kurudi kwake jioni hana ujasiri wa kwenda kubadilishana beji na asiyejua lugha yake. Saemangeum mwaka 2023 ilitoa mtihani wake. Joto lilizidi, huduma za kambi zikalemewa, Uingereza na Marekani zikaondoa vijana wao mapema, na tarehe 8 Agosti kimbunga Khanun kikailazimisha kambi nzima ivunjwe na kutawanywa kwa mabasi zaidi ya elfu moja kwenda mabweni ya vyuo na malazi mengine. Uwanja mkuu, jukwaa na ratiba, vyote viliachwa nyuma. Kilichoweza kupakiwa kwenye basi kikiwa kizima ni kundi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ni la fedha na rangi. Maandalizi hayo ninayoyasifu ni chujio. Familia za Uingereza ziliripotiwa kuhitaji karibu pauni 3,500 kwa kila kijana aliyekwenda Korea, na ingawa wengi walizichangisha kwa kuuza keki na kuosha magari, kuchangisha nako kunataka majirani wenye cha kutoa. Ada ya kambi hupunguzwa kwa nchi zenye kipato kidogo, ila nauli ya ndege haijui nchi. Zamani chujio lilikuwa la wazi zaidi. Huko Afrika Kusini vijana Waafrika hawakupokelewa kuwa skauti, wakaundiwa chama cha pembeni, Pathfinders, mwaka 1922, na hata muungano wa 1936 uliwaacha katika tawi lao. Afrika Mashariki uskauti uliingia Kenya mwaka 1910 ukiwa mchezo wa watoto wa wazungu, na kwa muda mrefu vikosi vilitenganishwa kwa rangi. Watawala waliupenda uskauti kwa vile ulifundisha utii, wakauogopa kwa vile kijana Mwafrika aliyevaa sare aliweza kudai kuwa sawa na skauti mwingine yeyote, kama sheria ya skauti inavyosema. Mwanahistoria Timothy Parsons ameandika kitabu kizima juu ya mvutano huo katika makoloni ya Waingereza, na kinachojitokeza humo ni vijana waliojishonea sare na kuunda vikosi bila kibali, huku serikali ikihangaika kuwadhibiti. Kwa hiyo nakubali: kipindi cha kabla hakikuwa cha haki. Lakini tazama pingamizi hili linaangukia wapi. Ubaguzi haukusubiri uwanja wa jambori. Ulifanyika mlangoni, nyumbani, pale ilipoamuliwa nani awe katika doria na nani. Anayetaka kuuchunguza atauona katika miaka ileile ambayo historia ya bendera na magwaride huiruka.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi. Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri mwaka 1938, akaishi katika kijumba cha Paxtu kwenye eneo la hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa hapo hapo Nyeri. Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, siku yake ya kuzaliwa, skauti humiminika mjini humo, na kwa vijana wengi wa shule safari hiyo, pamoja na kambi ya Rowallan jijini Nairobi, ndiyo kambi kubwa watakayoiona. Kenya iliandaa mkutano mkuu wa skauti wa dunia mwaka 1973, na mwaka 2010 ikapokea kambi ya dunia ya skauti waliovuka umri wa jambori, ya kwanza ya aina hiyo barani. Lakini jambori yenyewe, katika zote 25 zilizokwisha kupangwa na kufanyika, haijawahi kukanyaga Afrika. Basi kwa historia iliyozoeleka, skauti wa Moshi au wa Kakamega ni mtu anayesubiri miaka zaidi ya mia kitu ambacho hakijaja. Kwa hesabu ninayoitetea, yeye ameshiriki muda wote. Kumbukumbu zake hazitapatikana katika makao makuu ya skauti wa dunia, yawe ya Geneva ya zamani au ya Kuala Lumpur ya sasa. Ziko katika daftari za doria, stakabadhi za michango na barua za kuomba ruhusa ya wazazi, ndani ya makabati ya shule, na kazi ya kuzikusanya inaweza kuanza kwa kumwomba mwalimu mkuu ufunguo.