Mshipa wa Fahamu Katika Taya la Chini

Ndani ya taya la chini mna mfereji mwembamba, na humo hupita mshipa wa fahamu uingiao mfupani kwa upande wa ndani, nyuma ya magego, ukapita chini ya mizizi yake, kisha ukachomoza karibu na kidevu ili kuupa mdomo wa chini hisia ya joto la chai na ya shavu la mtoto abusiwaye. Mshipa huo ndio uliowataabisha matabibu waliotaka kuyanyoosha mataya yaliyokwenda kombo.

Mwaka 1849 Simon Hullihen, wa Wheeling huko Marekani, alitangaza habari za msichana ambaye kovu la moto lilikuwa limelivuta taya lake mbele, naye akalikata na kulirudisha. Karne hiyo ikielekea kwisha, Vilray Blair wa St. Louis alikata mfupa mzima pande zote mbili ili kulifupisha taya. Na akataye hivyo hukata na mfereji pia.

Faraja kubwa ilitoka Graz, nchini Austria, ambako Hugo Obwegeser, mwaka 1953, badala ya kulikata taya kwa kulivuka, alilipasua kwa urefu wake, kama seremala apasuavyo ubao kwa ubapa, hata upande wa nje ukabaki na kiungo cha taya, na upande wa ndani ukabaki na meno pamoja na mshipa wake, pande mbili zikateleza zikishikana bado. Kwa rai yangu, hakuna fikra katika kazi hii iliyoushinda uzuri huo.

Waliofuata walirekebisha mahali pa kukata: Giorgio Dal Pont, mwaka 1961, aliusogeza mkato wa nje mpaka kwenye magego, naye Hunsuck, mwaka 1968, akaufupisha ule wa ndani ukomee nyuma kidogo ya tundu la mshipa. Mwaka 1974 Bernd Spiessl alifunga mfupa kwa skrubu, wagonjwa wakaepukana na kufungwa mataya kwa nyaya majuma mengi. Lakini skrubu ikazayo kupita kiasi huweza kuuponda mshipa, ndipo wengi wakachagua ishikayo bila ya kubana.

Hata leo, penye picha za eksirei zionyeshazo mfereji kwa vipimo vyote na vyombo vikatavyo mfupa kwa mitetemo, ganzi ya mdomo baada ya upasuaji si nadra, ijapokuwa aghalabu hupungua miezi ikipita, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa hayo kabla hajaridhia. Kwani mara nyingine mfupa ukifunuka, mshipa huonekana umeambatana na upande wa nje, ikampasa mpasuaji kuubandua taratibu kwa mkono wake kabla ya kulisogeza taya.