Kahawa, Duka na Mji: Historia ya Biashara ya Rejareja Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Makada wanaokuja darasani kwetu huulizwa swali moja siku ya kwanza: nani aliyeujenga mji wa Mbinga? Majibu huwa ya haraka. Wapo wanaosema Serikali, kwa kuwa ndiyo iliyoweka pale makao ya wilaya. Wapo wanaosema wafanyabiashara, kwa kuwa ukipita barabara kuu macho hukutana na maduka yao. Ni wachache mno wanaomtaja mkulima wa kahawa wa Litembo au wa Tingi, ambaye huja mjini asubuhi na kurudi kwake jioni. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba hao wachache ndio walio karibu na ukweli, na kwamba historia ya duka la rejareja katika sehemu hizi ni historia ya mapambano juu ya jasho la mkulima huyo: nani ataigusa fedha yake kwanza, na ikishaguswa italala wapi.

Biashara ilikuwako kabla ya duka, na ilikuwako kabla ya mji. Wamatengo, waliojikusanya milimani kwa sababu ya mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, walilima kwa ngolo, yaani yale mashimo yanayozuia udongo usichukuliwe na maji kwenye miteremko mikali, wakapata nafaka na maharage. Watu wa ziwani walikuwa na samaki. Usipa uliokaushwa ulipanda mlima, nafaka ikateremka, na vyungu vya Wakisi vilikuja kwa mitumbwi kutoka kaskazini. Hatusemi palikuwa peponi. Misafara ya watumwa ilivuka ziwa hilo hilo kwenda Kilwa. Tunachosema ni kwamba katika mabadilishano ya usipa na nafaka kila upande ulibeba kichwani kitu ulichokizalisha wenyewe, na thamani yake ikarudi nyumbani kwa mzalishaji.

Wakoloni wa Kijerumani waliweka matumaini yao majini. Liuli waliiita Sphinxhafen, na Manda, karibu na mlango wa mto Ruhuhu, wakaiita Wiedhafen. Mtu aliyetazama ramani wakati ule angetabiri kwamba mji mkubwa wa sehemu hizi utaota penye mto na ziwa. Haikuwa hivyo. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Sphinxhafen, na baada ya vita bandari hizo zikabaki ndogo. Sababu si vita peke yake. Bandari haizai mji ikiwa nyuma yake hakuna zao ambalo soko la kibeberu linalitaka. Zao hilo lilipopatikana katika miaka ya 1920, lilikuwa kahawa, na kahawa hustawi juu milimani. Kitovu cha uchumi kikapanda mlima pamoja nayo, na mwambao ukabaki kuwauzia samaki wale waliokuwa na fedha.

Kodi ndiyo iliyomlazimisha mkulima kuitafuta fedha hiyo. Mwaka 1936 Wangoni wa tumbaku na Wamatengo waliunganishwa katika chama kimoja cha ushirika wa mazao, Ngoni-Matengo, maarufu kwa jina la NGOMAT. Ushirika uliuza zao, lakini haukumiliki duka. Fedha ilitoka kwenye mizani ya ushirika, ikaingia kwenye mkono wa mkulima, na kabla haijapoa ikavuka kaunta ya muuza nguo, chumvi na mafuta ya taa. Zaidi ya hayo, sheria ya mkoloni ilimzuia Mwafrika kukopeshwa na mfanyabiashara asiye Mwafrika bila idhini, na hivyo Mwafrika aliyetaka kufungua duka alinyimwa mali kauli ambayo kwayo maduka yote ya rejareja duniani huanzia. Makada wengine huishia kuona hapa suala la Wahindi na Waafrika tu. Huo ni uchambuzi wa juu juu. Kilichokuwa kikitenda kazi ni mfumo ulioweka jumla mkononi mwa makampuni ya pwani, rejareja mkononi mwa tabaka la kati, na jembe mkononi mwa mwananchi.

Baada ya Uhuru hatua zilichukuliwa kwa mfululizo. Mwaka 1962 iliundwa COSATA ili kuyapatia bidhaa maduka ya ushirika. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara ya jumla ya nje ilitaifishwa na kuwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, STC, na mwaka 1973 shirika hilo likagawanywa, kila mkoa ukapata RTC yake. Ndipo ukaja mwaka 1976, ambao tunaomba msomaji atulie nao kidogo.

Mapema mwaka ule ilianza Operesheni Maduka. Shabaha yake ilikuwa sahihi: duka la mtu binafsi kijijini lifungwe, mahali pake pawe na duka la wanakijiji wote. Mwezi Mei mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa mazao ukapelekwa kwenye mamlaka za serikali. Kwa hiyo ndani ya miezi michache mkulima wa kahawa aliondolewa chombo kilichomwuzia zao lake na kaunta iliyomwuzia sabuni. Mwanafunzi wetu mmoja, katibu wa kata, alituuliza: "Mwalimu, ikiwa duka lilikuwa letu, mbona sabuni ilikuwa si yetu?" Swali hilo halijibiwi kwa kaulimbiu.

Jibu limo katika usafirishaji. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni karibu kilometa 1,000. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama 100 nyingine. Lami ya Makambako hadi Songea ilipatikana katikati ya miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza. Duka la kijiji lilikabidhiwa rafu, lakini halikukabidhiwa lori wala ghala. Mwenye duka aliyefungiwa alikuwa mnyonyaji, ndiyo, lakini pia ndiye aliyejua njia ya kuifikisha chumvi wakati wa masika, na ujuzi huo hakuna kamati iliyourithi. Serikali yenyewe iliisimamisha operesheni hiyo kabla mwaka haujakwisha. Vilipofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni, duka la umma likawa mahali pa mgawo na foleni, na aliyeshika kibali akawa na nguvu kuliko aliyeshika fedha. Mlanguzi hakufa, alihamia nyuma ya kibali.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vya ushirika, na bajeti ya 1984 ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mbinga ilikuwa na chama chake kikuu, MBICU, lakini katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia katika kahawa, chama hicho kilikuwa kimelemewa na madeni. Hapo ndipo mji wa maduka tunaouona ulipoota kwa kasi. Rafu zilijaa. Tusione haya kulisema hilo, maana wananchi waliliona. Lakini mnunuzi wa kahawa na mwuza bati, saruji na khanga mara nyingi alikuwa mtu mmoja, na katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, alitoa unga na fedha ya ada kwa ahadi ya kahawa iliyokuwa bado mtini, kwa bei aliyoipanga yeye. Wananchi wa Mbinga wana jina la biashara hiyo: magoma. Sehemu ya nyumba za ghorofa za mjini zilianza katika daftari la magoma.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ipitie vyama vya msingi na mnada. Nyasa ilikuwa imekwisha kuwa wilaya tangu 2012, na lami imeshuka kilometa 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Usipa unaopanda mlima kwa vichwa siku hizi ni mchache. Hupanda kwa magari, na shehena ya madukani hushuka kwa magari hayo hayo. Kwa makada wa kata zilizo kati ya mlima na ziwa tunatoa zoezi moja. Wasihesabu maduka. Waende kwa mwenye chama cha msingi na kwa mwenye duka mwezi Machi, wakati ghala ni tupu, wamuulize kila mmoja amekopesha kaya ngapi, na kwa riba gani. Wa kwanza waliorudi na majibu walituambia kwamba chama cha msingi mwezi Machi kilikuwa kimefungwa.