Mafuta ya Ziwa Edward na Wajibu wa Askari



Askari anayelinda zamu kwenye rasi ya Mweya, wilayani Kasese, huona mbele yake maji ya namna mbili. Upande mmoja ni mfereji wa asili wa Kazinga, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, unaoleta maji kutoka Ziwa George. Upande wa pili ni Ziwa Edward lenyewe, ambalo sehemu yake kubwa iko Kongo na iliyobaki iko Uganda. Maji hayo hayakai hapo. Hutoka ziwani kwa Mto Semliki, huingia Ziwa Albert, na kutoka hapo huwa ni Mto Nile. Kwa hiyo yeyote atakayemwaga sumu mbele ya Mweya, amemwagia sumu wavuvi wa Katwe, na wa Vitshumbi ng'ambo, na hata watu wa mbali wasiojua jina la Mweya.

Kwa muda wa karibu miaka ishirini sasa, swali moja limekuwa likirudi katika ziwa hili: je, mafuta yatafutwe chini ya maji haya au yaachwe? Leo tutaitazama historia ya swali hilo, kwa kuwa kila lilipoulizwa, askari walikuwapo.

Kwanza yatupasa kuelewa kwa nini wananchi wa mwambao huu hawaamini upesi ahadi za viwanda. Si kwamba wanachukia maendeleo. Wao ni watu walioyaona maendeleo, wakaona pia mabaki yake. Mwaka 1956 mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji, na reli ikafika Kasese. Shaba ilikwenda Jinja, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa mazao makubwa ya Uganda katika biashara ya nje. Maelfu ya familia zilikula, zikasomesha watoto, zikajenga. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ulisimama. Kilichobaki Kasese ni lundo la zaidi ya tani milioni 1 za makapi yenye madini ya kobalti na salfa. Mvua zikanyesha, lundo likatoa maji ya asidi, nayo yakateremka kupitia hifadhi kuelekea Ziwa George, yakiunguza majani kila yalipopita. Mwaka 1999 tu ndipo kiwanda kilipoanza kulichakata lundo lile ili kupata kobalti. Faida ilitangulia, na hasara ikabaki na wenyeji.

Jambo la pili ni kwamba mwambao huu umezoea kuamuliwa mambo yake na watu wa mbali. Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka kandokando ya maziwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1952 ikatangazwa hifadhi ya taifa ya Kazinga, ambayo mwaka 1954 ilipewa jina la Malkia Elizabeth. Wafugaji wa Kisongora wakapoteza malisho, na vijiji vya wavuvi kama Katwe, Kazinga, Katunguru, Kayanja na Hamukungu vikabaki kama visiwa vya watu katikati ya wanyama. Hadi leo mvuvi wa hapo huishi kwa kanuni: mtumbwi wenye kibali, nyavu za kipimo halali, na mipaka ya kutembea. Mtu aliyekatazwa kukata kuni hifadhini huuliza, tena kwa haki: je, mwenye mtambo wa kuchimba ataruhusiwaje?

Sasa tuingie katika habari ya mafuta yenyewe. Mwaka 2006 Uganda ilithibitisha kwamba ina mafuta katika bonde la Ziwa Albert, upande wa Hoima. Habari hiyo iliwafurahisha wengi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini mwaka uliofuata, Agosti 2007, mfanyakazi mmoja wa kigeni wa shughuli za utafutaji aliuawa kwa risasi katika Ziwa Albert, karibu na kisiwa cha Rukwanzi, na majeshi ya nchi mbili yakatazamana kwa macho makali. Mwezi Septemba mwaka huo huo marais Yoweri Museveni na Joseph Kabila wakatia saini mapatano ya Ngurdoto, karibu na Arusha, ili mpaka na mafuta yashughulikiwe kwa mazungumzo. Somo la kwanza kwa askari likawa wazi: mafuta yaliyo chini ya ziwa la mpakani ni suala la ulinzi hata kabla tone moja halijapanda juu.

Wakati huo huo utafutaji ulikuwa umesogea kusini. Kwa upande wa Uganda, kampuni ya Dominion ilichimba mwaka 2010 kisima cha Ngaji, karibu na Ziwa Edward, nacho kikaonekana hakina mafuta. Kwa upande wa Kongo, kampuni ya SOCO ya Uingereza ilikuwa imepata mkataba mwaka 2006 juu ya Kitalu cha Tano, kilichoingia ndani ya Hifadhi ya Virunga pamoja na ziwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1979 ikaorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2011 serikali ya Kongo ilisimamisha shughuli hizo ili tathmini ya mazingira ifanyike kwanza, lakini kampuni haikuondoka.

Hapo ndipo upinzani wa wananchi ulipopata sura. Wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma walihoji katika mikutano: samaki wakikimbia au wakifa, tutakula nini wakati wa kungoja gawio la mafuta? Wengine, na hilo lazima tuliseme kwa haki, waliunga mkono utafutaji kwa kutumaini kazi, barabara na zahanati. Ugomvi haukuwa kati ya wajinga na werevu. Ulikuwa kati ya riziki inayojulikana na riziki inayoahidiwa.

Lakini hoja ziliacha kujibiwa kwa hoja. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2014 kwamba wanaharakati, wavuvi na walinzi wa hifadhi waliopinga walitishwa, wakakamatwa, na baadhi wakapigwa. Tarehe 15 Aprili 2014 mkuu wa Hifadhi ya Virunga, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani kati ya Goma na Rumangabo, saa chache baada ya kuwa kwa mwendesha mashtaka mjini Goma. Akapona. Waliompiga hawakujulikana, na kampuni ilisema haikuhusika kwa lolote. Siku chache baadaye vyombo vya kupimia mitetemo viliingia ziwani. Tarehe 11 Juni 2014 kampuni ilitangaza, pamoja na shirika la WWF, kwamba itakamilisha upimaji huo na kisha kuacha. Mwaka 2015 shirika la Global Witness likachapisha nyaraka, likidai kwamba ofisa mmoja wa jeshi la Kongo, aliyetuhumiwa kuwatesa wapinzani, alikuwa akipokea fedha za kampuni. Kampuni ilizikana tuhuma za rushwa na vitisho.

Ndugu askari, tusimame hapa kidogo. Hatukusudii kuwahukumu majirani. Tunataka kujiuliza sisi wenyewe: askari anayevaa sare ya taifa, anayelishwa na taifa, akipokea posho ya mwenye mradi ili awanyamazishe wananchi, anamlinda nani? Bunduki ni ya umma. Ikikodishwa, hata kwa siku moja, mwananchi hawezi tena kujua siku gani ni yake na siku gani si yake. Mashaka hayo yakishaingia kijijini, hakuna mvuvi atakayempa askari habari za majambazi, wala za adui aliyevuka usiku. Na kikosi kisichopewa habari na wananchi ni kipofu, hata kiwe na silaha za aina gani.

Kwa upande wetu, mwaka 2015 serikali ya Uganda ilitangaza kitalu cha Ngaji, kinachogusa Ziwa Edward na Hifadhi ya Malkia Elizabeth, miongoni mwa vitalu sita vya kushindaniwa. Mashirika ya kiraia, pamoja na AFIEGO, yaliungana na wananchi wa mwambao kupinga. Walieleza kwamba utalii na uvuvi tayari vinawalisha watu, tena kila mwaka, na kwamba ziwa ni moja: haiwezekani Kongo iombwe kuliacha upande wake na Uganda ichimbe upande wa pili. Duru hiyo ikaisha bila Ngaji kupata mwenye leseni. Kitalu kilitangazwa tena mwaka 2019, na mara hiyo pia leseni zilizotolewa zilikuwa za vitalu vingine. Nayo Kongo, baada ya kutangaza mwaka 2022 mnada wa vitalu 27 vya mafuta, baadhi yake vikigusa Virunga, iliufuta mnada huo Oktoba 2024.

Jambo la kukumbuka ni kwamba upande wa Uganda wananchi walitumia kalamu, mikutano na maombi kwa wakubwa. Katiba ya 1995 inasema katika kifungu cha 39 kwamba kila Mganda ana haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika kifungu cha 29 inalinda haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 244, inaweka mafuta mikononi mwa serikali kwa niaba ya jamhuri. Basi anayetaka mafuta yachimbwe kwa utaratibu si msaliti, na anayepinga kwa utaratibu si adui. Wote wawili wako ndani ya sheria, na kazi ya polisi ni kuhakikisha kwamba wote wawili wanarudi nyumbani salama.

Je, kulikataa bomba la mafuta ziwani ni kuikataa nishati? Historia ya milima hii yasema sivyo. Maji ya Mto Mubuku yamekuwa yakizalisha umeme tangu siku za mgodi wa Kilembe, na mwaka 2009 mtambo wa Bugoye wenye megawati 13 ulianza kazi. Upande wa pili wa Rwenzori, Hifadhi ya Virunga ilijenga mtambo wa maji Mutwanga, ukaanza mwaka 2013. Mlima unaolilisha ziwa maji unaweza kuwasha taa bila kuliua ziwa.

Tumalizie kwa kumbukumbu inayotuhusu sisi wenye sare. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hifadhi hii ilikuwa na tembo kwa maelfu. Ilipofika 1980 walibaki wapatao 150. Wengi waliuawa kwa bunduki za majangili na za askari, wakati amri na nidhamu zilipokuwa zimevunjika. Upande wa Virunga viboko waliuawa vivyo hivyo katika miaka ya vita, na wavuvi wakaona samaki nao wakipungua, kwa kuwa kinyesi cha kiboko ndicho kinachorutubisha maji. Tembo wamerudi Mweya kwa sababu nidhamu ilirudi kwanza. Lakini ziwa likijaa mafuta, nidhamu ya baadaye haitalisafisha.

Kwa hiyo, swali la Ngaji likirudi tena, nalo laweza kurudi, uamuzi utakuwa wa serikali, bunge na wananchi. Askari hataulizwa kama mafuta yachimbwe. Ataulizwa jambo moja tu, nalo ni zito: mvuvi wa Kayanja aliposimama mkutanoni akasema hapana, je, ulimlinda hadi akamaliza kusema?