Mwimo, Kizingiti na Mfaa: Mbao za Pambo katika Nyumba za Kariakoo

Kila nyumba ina mahali panapokutana vitu visivyoshikana vyema: ubao na udongo, ukuta na dari. Hapo fundi huweka ubao wa kuziba ufa, na hapo ndipo pambo huanzia.

Kariakoo, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916, ilijaa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, nyingi zikapakwa chokaa. Ndani pambo lilikuwa haba. Useremala wa fahari ulikaa mlangoni. Miimo husimama kando, kizingiti hulala juu, na mfaa hufunika mwanya mabawa mawili ya mlango yakutanapo.

Siku hizi maghorofa yamechukua mahali pa nyingi ya nyumba hizo, na pembe za dari hupambwa kwa jipsamu iliyomiminwa katika kalibu. Kazi hiyo ni safi, wala hatuilaumu. Lakini mwimo na mfaa ni maneno yaliyoishi nyumbani. Nyumba ibomolewapo, neno hukosa pa kukaa. Basi yatupasa tuyaandike maadamu maseremala wayajuao wangaliko.